Ethi rodi zimegonga jabali Isamilo, Mwanza: ethi ya mlingoti wa redio ya ridhaa naiwekaje?

Jabali_Isamilo

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa ethi ya mlingoti kabla mvua za vuli hazijaanza, maana radi za huku ziwani mnazijua.

Hali ilivyo: mlingoti ni bomba la chuma lenye zinki, inchi 2, urefu mita 9, umesimikwa kwenye zege kwenye kona ya nyumba. Juu kuna antena ya dipoli ya bendi ya mita 40 (huo ni urefu wa wimbi, si wa antena), mikono miwili ya takribani mita 10 kila mmoja. Baadaye nitaongeza antena ya wima ya bendi ya mita 20. Redio ni ya wati 100, ipo chumba cha ghorofani, na dirisha lake liko mita 5 kutoka ardhini. Luku (mita ya umeme) na ethi ya nyumba viko upande wa pili. Ukizunguka ukuta kwa nje kutoka mlingoti hadi Luku ni mita 22.

Nimenunua ethi rodi 3 za mita 1.2, unene milimita 16, chuma kilichovikwa shaba. Ya kwanza imegoma kwenye sentimita 60, ya pili kwenye 70. Chini ni jabali, nyundo inadunda tu.

Maswali:
1. Nikate kipande kilichobaki juu, au kuna njia nyingine?
2. Fundi anasema nichimbe shimo, nijaze chumvi na mkaa. Ni sahihi?
3. Fundi huyohuyo anasema ethi ya antena isiguse kabisa ethi ya Luku, ili radi isiingie ndani ya nyumba. Kweli?
4. Kutoka kwenye redio ghorofani hadi kwenye rodi nitumie waya gani?

Koaksi_Nyeusi

Mkuu, naanza na swali la 3, kwa sababu ukilikosea hilo hata rodi 20 hazitakusaidia. Fundi wako amekosea, na kosa hilo ndilo linalounguza redio nyingi kuliko radi yenyewe kupiga antena.

Piga hesabu. Chukua radi ya ampea 20,000, ambayo ni ya kawaida kabisa. Tuseme umefanikiwa kupata ethi nzuri ya omu 10. Ampea 20,000 mara omu 10 ni volti 200,000. Kwa sekunde ile moja ndogo sana, ethi ya mlingoti imepanda hadi volti 200,000 na ethi ya Luku bado iko karibu na sifuri. Sasa tazama kilicho katikati yake: ngozi ya koaksi (kebo ya antena) inaingia kwenye kasha la redio, kasha la redio limeshikana na pawa saplai, pini ya ethi ya pawa saplai iko ukutani, na waya wa ukutani unakwenda kwenye ethi ya Luku. Ukiacha kuziunganisha ethi hizo mbili nje, redio yako ndiyo inakuwa waya wa kuziunganisha.

Watu wengi hudhani rodi inameza radi. Haiwezi, hasa kwenye udongo wa mawe. Kinachookoa vifaa ni vyote kupanda na kushuka pamoja, kama ndege anayetua kwenye waya wa umeme mkubwa na asidhurike kwa kuwa miguu yote miwili iko kwenye volteji ileile. Kwa hiyo ethi ya mlingoti, ya Luku, ya dishi la televisheni na ya bomba la maji kama ni la chuma, zote zishikane. Zishikanie nje, chini ya ardhi, kwa waya mnene. Kanuni za umeme za Marekani zinataka waya wa shaba usiopungua saizi 6 ya kwao, ambayo ni kama milimita za mraba 13. Madukani kwetu saizi inayofuata ni 16, nunua hiyo, isipungue. Kazi ya kufunga pale kwenye ethi ya Luku ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), na swichi kuu iwe imezimwa. Waya wa ethi ya nyumba hauguswi umeme ukiwa unatembea, kwa sababu kama kuna kifaa kinachovuja, ukiulegeza mkononi mwako wewe ndiye unayekuwa njia.

Jambo la pili ni mahali koaksi inapoingilia. Usiitoe juu ya mlingoti moja kwa moja hadi dirishani. Ishushe hadi chini, ifunge ngozi yake na mlingoti juu na chini, kisha ipitishe kwenye sahani ya shaba iliyofungwa ukutani, sentimita 30 hadi 50 kutoka ardhini. Hapo ndipo aresta (kikinga radi cha koaksi) inakaa. Baada ya aresta ndipo koaksi ipande kwenda chumbani. Waya kutoka sahani hadi ardhini uwe mfupi iwezekanavyo, chini ya mita 1, bila kona kali. Mahali pa kukunja, mkunjo uwe wa duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 20 au zaidi. Sababu ni kwamba waya ulionyooka una mikrohenri 1 hivi kwa kila mita, na mkondo wa radi ukipanda kwa kasi ya ampea 10,000 kwa mikrosekunde, kila mita ya waya inabeba tofauti ya volti 10,000 hata kama ni mnene kama kidole. Unene hausaidii sana hapo, kinachosaidia ni ufupi. Bapa la shaba la milimita 38 ni bora kuliko waya wa duara kwa sababu hiyohiyo.

Aresta usichukue ya kwanza unayoiona dukani. Wati 100 kwenye omu 50 zinatoa kilele cha volti 100, na SWR (kipimo cha mawimbi yanayorudishwa na antena) ikifika 3 kilele kinapanda hadi 150. Aresta yenye tyubu ya gesi ya volti 90 inaweza kuwaka yenyewe ukibonyeza maiki. Chukua ya volti 230 au 350.

Fundi_Sururu

Koaksi_Nyeusi amemaliza la 3. Mimi nipo kwenye mawe.

Mkuu, usikate rodi. Ukikata, hakuna atakayejua miaka mitano ijayo kwamba ile kofia inayoonekana juu ina sentimita 60 tu chini yake. Rodi ikigonga mwamba, ing'oe, sogea pembeni na uiingize kwa mshazari, lakini usizidi nyuzi 45 kutoka wima. Ikigoma tena, ilaze kwenye mtaro wa kina cha sentimita 75. Ikiwa na mtaro huo hupati, basi achana na rodi kabisa na ulaze waya. Kwa Isamilo ndivyo ninavyokushauri tangu mwanzo.

Nakuwekea hesabu uone. Ukinzani wa rodi unategemea zaidi urefu na udongo kuliko unene. Chukua udongo wa changarawe za matale (graniti) wenye ukinzani wa omu-mita 500:

Rodi ya sentimita 60: karibu omu 620.
Rodi nzima ya mita 1.2: karibu omu 360.
Rodi ya mita 2.4, kama ingeingia: karibu omu 200.
Waya mtupu wa shaba wa mita 10 uliolazwa kina cha nusu mita: karibu omu 80.
Waya mtupu wa mita 22, kina hichohicho: karibu omu 42.

Hizo ni hesabu za udongo wa aina moja kwenda chini. Wewe una jabali chini yake, kwa hiyo namba zako halisi zitapanda, lakini mpangilio haubadiliki: waya uliolala unaishinda rodi iliyosimama kwa mbali. Na ukitoka rodi ya milimita 16 kwenda 20 unapunguza asilimia 4 tu, kwa hiyo usilipie unene.

Habari njema ni kwamba ule waya wa mita 22 lazima uulaze hata hivyo ili kufika Luku. Uwe mtupu, usiwe wa plastiki, nao wenyewe utakuwa ethi yako kubwa. Kisha kutoka mguu wa mlingoti toa nyaya nyingine mbili za mita 10, kila moja ielekee upande wake, mbali na nyumba. Jumla mita 42 za waya wa 16, nunua 45. Ukizipata zote, udongo wa 500 unakushusha hadi kati ya omu 20 na 30. Usifanye waya mmoja wa mita 40 ukitarajia matokeo yaleyale. Mkondo wa radi unapanda haraka mno, mwisho wa waya mrefu haujui kama kuna kitu kimetokea mwanzoni. Nyaya fupi kadhaa zinazotoka sehemu moja zinagawana kazi.

Mtaro: sentimita 50, sururu na mtaimbo. Kabla ya kuchimba fuatilia bomba la maji limepita wapi na waya wa umeme wa chini kama upo. Palipo na jabali juu kabisa, waya unaweza kupita juu ya mwamba ukafukiwa kwa udongo laini, ila hicho kipande usikihesabu kama ethi, kihesabu kama njia tu. Usirudishie mawe na kokoto kwenye mtaro. Weka kwanza udongo uliochujwa, sentimita 15 kuzunguka waya, mwagia maji, shindilia, ndipo urudishe kifusi. Waya uliozungukwa na hewa na mawe haugusi ardhi.

Rodi zako 3 usizitupe. Tafuta mifuko ya udongo mrefu, mara nyingi ipo kati ya mwamba na mwamba ambapo majani yanabaki mabichi hata Julai. Zipige hapo, umbali kati ya rodi na rodi usiwe chini ya mita 2.4, yaani mara mbili ya urefu wake. Zikikaribiana zinagombania udongo uleule.

Chumvi: hapana. Inasaidia msimu mmoja, mvua inaiosha, na muda wote inakula klampu na rodi. Mkaa wa kawaida haufanyi hayo ya kuosheka, lakini nao hausaidii kama watu wanavyodhani, na ukigusa chuma chenye zinki unakiharakishia kutu. Rodi iliyovikwa shaba ikichubuka wakati wa kupiga, chumvi inaingia pale pale na kula chuma cha ndani wakati juu bado kunang'aa.

Jabali_Isamilo

Asanteni sana wakuu, hapa nimejifunza. Nina maswali mawili ya nyongeza. Mlingoti wangu una zinki na waya ni shaba, niunganishe vipi? Na je, nikikodi mashine ya kutoboa mwamba nishushe rodi hadi mita 2, nitapata faida?

Fundi_Sururu

Shaba isikae moja kwa moja juu ya zinki. Maji yakiingia katikati, zinki inaliwa kwanza, kisha bomba linaota kutu palepale penye klampu, mahali usipopaona. Weka bapa la chuma kisichoshika kutu katikati, au tumia klampu ya metali mbili iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kwangua rangi yote mahali pa kushikia, lakini zinki yenyewe usiikwangue. Paka grisi ya viunganishi, kaza, halafu funika.

Viungo vya chini ya ardhi visifungwe kwa kulehemu kwa risasi. Mkondo wa radi unaipasha joto ikayeyuka, kiungo kinaachia. Tumia klampu za brasi au bronzi zenye bolti, zile zilizotengenezwa kwa kufukiwa, au kulehemu kwa unga wa kuwasha kama utapata mwenye kalibu. Kila klampu ya bolti uiache kwenye kisima kidogo chenye mfuniko ili uweze kuikaza tena. Aluminiamu usiifukie kabisa.

Kutoboa mwamba: shimo la milimita 50 lenye rodi ndani na hewa pembeni ni kazi bure. Lazima lijazwe bentonaiti (udongo mfinyanzi unaovimba ukilowa) iliyokorogwa na maji hadi iwe uji mzito, imiminwe kutoka chini kwenda juu kwa bomba. Hata hivyo, matale mazima hayapitishi umeme wa maana. Unakuwa umeweka rodi kwenye chungu. Kutoboa kunalipa pale tu ambapo mwamba ni mwembamba na chini yake kuna udongo wenye unyevu. Hela ya mashine inunulie waya.

Zege_na_Nondo

Naongeza moja ambalo hamjaligusa. Ndugu, umesema mlingoti uko kwenye zege. Kama zege hilo lina nondo na zinagusana na mlingoti, tayari una ethi nzuri zaidi ya rodi zako zote tatu. Zege lililo ardhini linabaki na unyevu kiangazi chote, na eneo lake la kugusa udongo ni kubwa. Njia hii ina jina la Herbert Ufer, mhandisi wa Marekani aliyeitumia wakati wa Vita Kuu ya Pili kwenye maghala ya mabomu ya jeshi huko Arizona, mahali pakavu ambapo rodi hazikufaa kitu. Kanuni za kwao zinataka nondo ya milimita 13 isiyopungua mita 6 ndani ya zege, karibu na upande wa chini, na zege liguse udongo moja kwa moja. Ukitandika karatasi ya nailoni chini ya msingi umeifuta faida hiyo.

Kwa anayesoma hapa na bado hajamwaga zege la mlingoti: funga nondo 4 za milimita 12 kwa waya wa kufungia, acha mkia mmoja utoke juu, uunganishe na ethi. Usitegemee zege peke yake, kwa sababu radi kubwa ikipita kwenye zege dogo lililo kavu inaweza kulipasua. Liunganishwe na nyaya za mtaroni zigawane mkondo. Shaba na nondo iliyo ndani ya zege hazigombani sana kwa kutu, hapo hakuna shida.

Mita_Ishirini

Swali la 4 halijajibiwa, na ndipo watu wengi wanapochanganya. Ethi ya radi, ethi ya usalama wa umeme na ethi ya mawimbi ni kazi tatu. Waya mmoja unaweza kuzigusa zote lakini haufanyi zote vizuri.

Dirisha lako liko mita 5 juu. Robo ya wimbi kwenye waya, kwa megahezi 14.2 za bendi ya mita 20, ni mita 5 hivi. Maana yake waya wako kutoka redio hadi ardhini, ukiwa kwenye mita 20, mwisho wa chini uko kwenye ardhi na mwisho wa juu ni kama haujaunganishwa na chochote. Unaweza kufunga shaba nene kama mkono, kasha la redio bado litakuchoma midomo kwenye maiki. Usitumie pesa kulitibu hilo kwa rodi zaidi.

Dipoli haihitaji ethi ya mawimbi. Inachohitaji ni kuzuia mkondo unaorudi juu ya ngozi ya nje ya koaksi. Chukua ringi ya feraiti (kauri yenye oksidi ya chuma) ya inchi 2.4, mchanganyiko namba 31, zungusha koaksi nyembamba mara 12, iweke pale dipoli inapolishwa. Ya pili iweke koaksi inapoingia chumbani. Hilo litapunguza pia kelele zinazopokelewa kutoka kwenye taa na chaja za majirani.

Antena ya wima ni habari nyingine, inataka radiali, yaani nyaya zinazotandazwa kuzunguka mguu wake. Weka nyaya 16 za mita 5, zilale juu ya nyasi au chini ya udongo kwa sentimita 3 hadi 5, waya wa milimita za mraba 1.5 unatosha. Urefu si lazima uwe sawasawa, kwa sababu waya uliolala ardhini hautegemei tena urefu maalumu wa wimbi. Nyingi fupi ni bora kuliko chache ndefu. Ringi ya radiali uifunge kwenye ethi ya mlingoti. Rodi peke yake chini ya antena ya wima inapasha udongo joto tu kwa wati zako.

Kwa hiyo jibu la 4: chumbani funga bapa la shaba nyuma ya meza. Kila kifaa, yaani transiva (redio yenyewe), tyuna (kilinganishi cha antena), pawa saplai na kompyuta, kiwe na bapa lake fupi hadi hapo, visifuatane kama mnyororo. Kutoka bapa hilo shusha waya wa 16 au bapa la shaba nje ya ukuta, sambamba na koaksi, hadi kwenye ile sahani ya chini. Kazi yake ni radi na usalama. Usiupitishe ndani ya bomba la chuma. Chuma kinauzuia mkondo wa ghafla. Bomba la plastiki ni sawa.

Kipimo_Sahihi

Mkimaliza, pimeni. Multimita haipimi ethi. Anayechomeka waya mmoja kwenye rodi na mwingine kwenye bomba la maji anapata namba isiyo na maana. Mita ya klampu nayo inadanganya hapa: ukiibana kwenye waya unaozunguka kutoka mlingoti hadi Luku inapima ule mzunguko wa shaba, inakuonyesha omu 0.3, na mtu anafurahi.

Kinachotakiwa ni kipima ethi chenye vijiti viwili. Kijiti cha mkondo kiwe mbali, na kwa mfumo uliotanda kama wako kiwe mita 60 hadi 75. Kijiti cha volteji kiwe kwenye asilimia 62 ya umbali huo. Kama ni mita 60, kiko mita 37. Soma, kisogeze mita 4 mbele, soma, kirudishe mita 4 nyuma, soma. Namba tatu zikikaribiana, umepata. Zikipishana sana, ongeza umbali. Penye mwamba vijiti havishiki: vilowanishe kwa maji na uvizungushie matope. Pima kabla ya kuunganisha na Luku, kisha upime tena Julai au Agosti udongo ukiwa umekauka, hiyo ndiyo namba ya kuandika ukutani.

Na lipo la ndani ya nyumba. Ethi ya Luku kama nayo ni rodi moja ya mita 1.2 kwenye udongo huohuo, ni omu 360. Kifaa kikivuja, volti 230 zinapitisha ampea 0.64 tu, na kikata umeme cha ampea 32 hakitajua. Hakikisheni kuna kile kinachokata kwa mkondo unaovuja, cha miliampea 30.

Jabali_Isamilo

Nimewaelewa wakuu. Mpango: waya mtupu wa 16, mita 45, mtaro wa sentimita 50 kuzunguka ukuta hadi Luku na mikono miwili ya mita 10, rodi 3 kwenye mifuko ya udongo, sahani ya shaba chini ya dirisha yenye aresta ya volti 230, fundi mwenye leseni kwa upande wa Luku, feraiti mbili. Radi ikianza nachomoa koaksi nyuma ya redio. Kuna nililosahau?

Koaksi_Nyeusi

Mambo mawili. Chini ya dirisha ni umbali gani kutoka mlingoti? Kama zaidi ya mita 3, ule waya wa mita 22 uupitishe chini ya sahani na uifunge hapo, usiichimbie sahani ethi yake ya peke yake.

La pili, usichomolee koaksi nyuma ya redio. Ukifanya hivyo umeleta ncha ya antena mezani, na cheche inaruka hadi kifaa kilicho karibu. Ichomolee nje, kwenye sahani, upande wa antena, uache ncha iliyotoka juu imefungwa kwenye ethi. Chomoa pia pawa saplai ukutani na waya wa intaneti kama upo. Ziwani radi nyingi zinakuja usiku kuelekea alfajiri, kwa hiyo fanya kabla ya kulala, usingoje mngurumo. Ukishausikia, usitoke kwenda kuigusa sahani.

Jabali_Isamilo

Mita 4 na nusu. Basi waya utapita hapo chini na sahani itafungwa juu yake. Mtaro naanza Jumamosi.